Usiku wa Ijumaa Ni Lini

Skuli nilitoka darasa la tatu. Nilitoka kwa miguu yangu, hakuna aliyenifukuza. Nilichokijua kabla ya hapo nilikipata chuoni kwa mwalimu wa Kur'ani, na nilichokijua baada ya hapo nilikipata mgongoni: mawe, mchanga na chokaa, kutoka gatini mpaka kwenye nyumba za watu, na punda asiyekuwa wangu. Leo nina nyumba ya wageni ya vyumba sita hapa mjini Amu, wengine huuita Lamu, na kila boriti iliyomo nimeichagua mwenyewe. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue ni mtu gani anayekiri kosa hapa. Mimi si mwepesi wa kukiri.

Kosa lenyewe lilikuwa la maneno matatu: usiku wa Ijumaa.

Juu darini kwangu, kwenye chumba cha makuti kisichohesabiwa katika vile sita, alipanga binti mmoja kutoka bara. Jumapili huenda kanisani, siku nyingine zote hukaa na kompyuta yake mapajani. Kazi yake ni kutengeneza tovuti. Sisi wenye nyumba za wageni tuna chama chetu kidogo, na chama kikampa kazi: atutengenezee tovuti moja, mtu popote alipo aone vyumba vyetu kwenye simu na achague cha kulala. Itasomeka kwa Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na Kiswahili.

Mwenyekiti wetu, ambaye ni jirani yangu ukuta kwa ukuta, akasema lugha tatu zinatosha.

"Kiswahili cha nini? Mtu wa Kiswahili akitaka chumba hubisha mlango."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nikabishana nao mpaka chai ikapoa, na mwisho tukakubaliana hivi: Kiswahili kiwekwe kwa mwezi mmoja wa kujaribu. Kisipoleta mtu, au kikileta matatizo, kitolewe.

Kwa nini nilibishana? Zamani nilipokuwa nakwenda kuandikisha hii nyumba, nilipewa fomu ya Kiingereza. Afisa alikuwa mtu wa bara, mpole tu, akaniambia, "Jaza hapo, mzee." Nikakaa kwenye benchi na kalamu mkononi mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Kisha nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu kalamu yao haikuwa na wino. Mke wangu alijua, na hakuniuliza zaidi. Sikutaka mtu wa Chundwa au wa Mkokoni, vijiji vya mbali vya huku kwetu, akae na simu yake vile nilivyokaa mimi na ile kalamu.

Basi binti akaniomba niusome ukurasa wa Kiswahili kabla haujafunguliwa. Tukaketi darini baada ya alasiri, mimi kwenye kiti, yeye kwenye mkeka.

"Hii nini?" nikamuuliza.

"Hapo mgeni anachagua siku, Mzee."

"Imeandikwa Angalia Ndani. Na huku Angalia Nje. Nje kuna nini, mvua?"

Akacheka mpaka akaziba uso. "Ilitafsiriwa na mashine hiyo. Tuweke nini?"

"Kufika na Kuondoka. Mtu hufika, kisha huondoka. Hata punda anajua."

Chini yake palikuwa na "1 vyumba" na "1 wageni". Nikamuuliza kama huko bara ndivyo wanavyosema. Akaudhika kidogo, na alikuwa na haki.

"Kiswahili nilifaulu, Mzee. Mimi najua ni chumba kimoja. Asiyejua ni mashine. Kiingereza huongeza herufi mkiani, basi mashine inatazama mkia tu. Huku neno linabadilika kichwani."

"Kichwa kipi?"

"Chumba, vyumba. Mgeni, wageni. Kitanda, vitanda. Ufunguo, funguo. Lazima nikae niiandikie kila neno mara mbili, moja na nyingi."

Akakaa akaandika. Mimi nikatulia namtazama. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba maneno yangu yana vichwa vinavyobadilishwa kama kofia.

Kisha akanionyesha Kiarabu. Mimi Kiarabu sikizungumzi, lakini herufi zake nazijua tangu meno ya utotoni hayajanitoka. Juu ya ukurasa, kwenye picha kubwa ya mji, alikuwa ameandika marhaba.

"Hii imevunjika," nikamwambia.

"Imevunjika vipi?"

"Herufi zimeachana kama watu waliokosana. Hii mimu, hii ree, zote zinatakiwa zishikane mahali pake. Tena umeanza na ya mwisho. Mtu akiisoma hapati kitu."

Akajipiga kipaji cha uso. Aliitazama picha ile wiki nzima, na kwake ilikuwa michoro tu. Hapo nilivimba. Mtu wa darasa la tatu, na msomi wa kompyuta amekaa mkekani anaandika nisemalo. Msomaji ashike hapo, maana kosa lilianzia kwenye kule kuvimba.

Nikamuuliza: "Hicho Kiswahili kilichomo humo, ni cha wapi?"

"Kompyuta ina cha Kenya na cha Tanzania. Unachagua."

"Na cha Amu?"

"Hakimo."

"Tafuta vizuri."

Akafungua orodha ya lugha, akaipandisha na kuishusha mbele yangu. Lugha zilikuwa tele. Nyingine sijapata kuzisikia, za watu sijui wanakaa wapi. Yangu haikuwemo.

"Kwa hivyo nikiandika nti badala ya nchi, nikiandika ndia badala ya njia, itasema nimekosea?"

"Itapiga mstari mwekundu chini yake, Mzee."

"Yeye ndiye wa kupigwa mstari."

Mimi si mjinga. Najua wa Matondoni, wa Mombasa na hata huyu binti wote watasoma "njia" wakaelewa, kwa hivyo nikakubali Kiswahili cha wote. Lakini kiliniuma. Nikawa natafuta pahali pa kupenyeza japo neno moja la kwetu. Saa tulikwisha kuzimaliza. Saa kila mtu anajua kwamba asubuhi ya Mswahili ina hesabu yake, na binti alikuwa ameziweka sawa tangu mwanzo. Zilibaki siku. Mgeni akichagua usiku wa kulala, mashine ilikuwa ikimwandikia "Ijumaa usiku".

"Futa," nikamwambia. "Andika usiku wa Ijumaa."

"Si ni sawa tu?"

"Usiku wa Ijumaa ni tamu zaidi. Ndivyo tusemavyo sisi."

Akaandika, na siku zote saba akazifanya hivyo. Mimi nikashuka ngazi nimeridhika.

Asiye wa huku nimweleze. Kwetu siku humalizika jua likitua. Alhamisi magharibi ikiadhiniwa, Alhamisi imekwisha, na ule usiku unaoingia ni usiku wa Ijumaa. Ndio husomwa yasini, ndio watu hujitia manukato. Nimeyajua haya kabla sijajua kufunga kikoi. Wala sikumwambia binti. Nilimpa neno, maana yake nikashuka nayo chini.

Ukurasa ukafunguliwa. Wageni wa Kiingereza wakaja, Mfaransa mmoja akaja na mkewe. Kwa Kiswahili hakuja mtu. Wiki ikapita, ya pili ikapita. Mwenyekiti kila akinikuta kichochoroni ananiuliza:

"Vipi Bwana, Kiswahili kimefika, au kingali kimekwama Mkanda kinangoja maji?"

Mkanda ni mlango wa bahari wa kwenda Pate. Maji yakitoka boti haipiti. Nilimjibu na mimi, lakini jibu langu haliandikiki.

Wiki ya tatu, Jumatatu, binti akaniita kutoka ngazini kwa sauti ya mtu aliyepata mtoto. "Mzee! Kiswahili kimeleta mtu!"

Ombi lilikuwa la kutoka Chundwa, kisiwani Pate. Chumba 1, wageni 2, usiku wa Ijumaa. Na walikuwa wamechagua nyumba yangu. Sikungoja kuvaa viatu vizuri, nikaenda kubisha kwa mwenyekiti ili nimwonyeshe.

Alhamisi mchana vyumba vyangu vyote sita vilijaa watu wa semina, maafisa kutoka bara, wa usiku ule mmoja. Alasiri, nimekaa dakani, kwenye baraza ya nje ya mlango, nikawaona wanawake wawili wanakuja. Mmoja mtu mzima sana, mkono wake uko begani mwa mwenzake, anaupapasa mtaa kwa miguu. Mwenzake alikuwa bintiye, mama wa watu mwenyewe, kikapu mkono mmoja na chupa ya chai mkono mwingine.

"Hapa ndipo," yule bintiye akasema. "Bwana, sisi ndio tulioandika kutoka Chundwa. Tumemleta mama, mato yake hayaoni. Madaktari wa mato wako hospitali wiki hii, na yeye jina lake litaitwa kesho asubuhi mapema. Kesho wanamaliza, wanarudi kwao."

"Karibuni," nikasema, "lakini chumba chenu ni kesho."

"Kesho vipi? Tumeandika usiku wa Ijumaa."

"Ndiyo. Ijumaa kesho."

"Bwana, leo siku gani?"

"Alhamisi."

"Na jua likitua?"

Hapo ndipo nilipokumbuka: siku zote tatu nilikuwa nimefuata usiku wa mashine, nikausahau wa kwetu. Yule mama akamgeukia bintiye, akamuuliza kwa sauti ya juu kana kwamba mimi ndiye nisiyeona:

"Huyu Bwana ni wa Amu, au naye amekuya na boti?"

Katika maisha yangu nimetukanwa na manahodha na nimetukanwa na makarani. Hakuna lililonipata kama lile.

Binti wa juu akashuka na kompyuta yake imefunguka. "Lakini iko hapa, Mzee. Ijumaa. Usiku wa Ijumaa si kesho usiku?"

"Kesho usiku ni usiku wa Jumamosi," akasema yule wa Chundwa.

"Jumamosi?"

"Jua la kesho likitua, ndiyo. Kwani kwenu jua halitui?"

Binti akanitazama. "Mzee, ulilijua hili?"

"Nalijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza," nikamjibu. Ndivyo mdomo wangu ulivyo, hutoka mbele yangu. Niliona macho yake yakijaa, akaifunga kompyuta polepole. Alikuwa ameelewa kwamba ukurasa wake wa Kiswahili umeleta mgeni mmoja tu kwa wiki tatu, na mgeni huyo amefika hana pa kulala.

"Bibi atalala chumbani kwangu," akasema.

"Ngazi zile na mtu asiyeona?" nikasema. "Utamuua."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Akamshika mama yule mkono. "Bi mkubwa na bintiye watalala chumbani kwetu chini, na mimi nitalala nao. Wewe Bwana, nenda kalale dakani na usiku wako wa Ijumaa."

Nikalala dakani.

Asubuhi wakaenda hospitali, na adhuhuri haijafika wakarudi, mama jicho moja limefungwa kitambaa cheupe. Ameambiwa Jumamosi asubuhi muuguzi atalifungua, kwa hivyo ilibidi wakae usiku mwingine. Watu wa semina walikuwa wameondoka, na chumba kilikuwepo, kimeandikwa kwa jina lao tangu Jumatatu.

"Mashine ilijua kuliko sisi," akacheka yule binti wa Chundwa.

"Haikuyua kitu," mama yake akasema. "Imebahatisha."

Baada ya sala ya Ijumaa, nje ya msikiti, mwenyekiti akanisubiri nivae viatu.

"Nasikia jana umelala nje."

Watu wakacheka, na safari hii waliocheka walikuwa wengi.

"Kesho kwenye kikao tunakitoa," akaendelea. "Matatizo ndiyo hayo tuliyoyasema. Na yule binti usimlaumu, mtu wa bara Kiswahili atakijulia wapi?"

 Naliandika hivyo hivyo lilivyokuwa: nilisimama pale na kofia yangu na kanzu yangu, nikasikia binti akibebeshwa kosa langu, na sikusema kitu. Nikarudi nyumbani.

Alasiri nikawakuta uani, mama amekaa kwenye kitanda cha kamba, binti wa juu amekaa chini miguuni mwake. Hawakuniona; nilikuwa nyuma ya pazia. Au niseme kweli, nilisimama nyuma ya pazia.

"Bibi, nisamehe," binti alikuwa akisema. "Mimi ni mtu wa bara. Ungetaka kuniambia nikuwekee chumba cha jana, na hata nikiwa mjinga nisikosee, ungeniambiaje?"

"Wewe si mjinga. Wewe umeambiwa nusu."

Pazia lilinitosha kujificha, lakini halikutosha kuzuia sauti.

"Ningekwambia," mama akasema, "nalala Alhamisi, naamka Ijumaa. Huyo wa kwenu hapotei, na wa kwetu hapotei."

Binti akayarudia maneno yale taratibu, kisha nikasikia vidole vyake vikiandika.

Jumamosi asubuhi wakatoka kwenda kufunguliwa jicho. Waliporudi kuchukua kikapu, boti ya Pate ilikuwa inangoja maji kujaa, wakapata nafasi ya chai. Mama akaniita nisogee. Akanishika kidevu kama mtoto, akanigeuza uso kwenye mwanga wa ua.

"Kumbe mzee! Kwa ule ukali nilidhani kijana." Akaniangalia tena. "Ndiwe uliyemfunda huyu binti maneno?"

"Ndimi."

"Basi hukumaliza. Kamalize."

Akainuka, akatembea mpaka mlangoni bila kushika bega la mtu. Pale kwenye kizingiti akasimama, akawa anaitazama nakshi ya mlango wangu, ua moja baada ya jingine, mpaka bintiye akamwambia boti itawaacha.

Kikao kilikuwa sebuleni kwa mwenyekiti, mchana ule ule. Binti amekaa karibu na mlango, kompyuta mapajani, imefungwa. Mwenyekiti akasema tovuti ni nzuri, binti amefanya kazi, lakini Kiswahili kimeleta aibu, na anaomba tukitoe. Binti hakijui sawasawa, si kosa lake.

Nikasimama. 

"Binti anakijua," nikasema. "Alikuwa ameandika vyema, Ijumaa usiku. Mimi ndiye niliyemwambia afute aandike usiku wa Ijumaa, na sikumwambia kwetu ni lini. Aliyekosea ni mimi."

 Mmoja akauliza, "Wewe?"

"Mimi. Ulitaka niseme mara ngapi?"

Nikamgeukia mwenyekiti. "Na wewe nikuulize. Usiku wa Ijumaa ni lini?"

"Alhamisi magharibi ikiingia. Nani asiyejua?"

"Hapana," akasema mwenzetu mmoja aliyekulia Mombasa, "siku hizi mtu akisema hivyo ana maana ya Ijumaa yenyewe."

"Siku hizi za nani?"

Wakashikana hapo. Mmoja akasema Alhamisi, mwingine Ijumaa, mwingine akasema inategemea unaongea na nani, na kahawa ikazunguka mara mbili wangali wanabishana. Watu wazima wa mji mmoja, na usiku mmoja umewashinda! Mwenyekiti akaanza kucheka bila kutaka.

"Basi hata mimi angenilaza nje," akasema.

Nikamwambia binti, "Fungua, mwanangu. Wasomee."

Akafungua, akasoma.  "Kutoka Chundwa. Chumba 1, wageni 2. Unalala Alhamisi, unaamka Ijumaa."

"Soma tena," akasema wa Mombasa. Akasoma tena. Kila mtu akawa anatafuta pa kubishia, akakosa.

"Nani amekufunza hivyo?" mwenyekiti akamuuliza.

"Bibi wa Chundwa," akajibu.

Mwenyekiti akasema Kiswahili kibaki. Hakuzungushia maneno, na mimi sikumwongezea langu, jambo ambalo mke wangu alipolisikia hakuliamini.

Tangu hapo wamekuja wa Matondoni, na wiki iliyopita watu wanne kutoka Mkokoni waliokuwa wanakwenda harusini. Hakuna aliyelala dakani. Asubuhi nikiwa nakunywa chai namsikia mwenyekiti, ng'ambo ya ukuta, akizungumza na wageni kwa simu. "Eeh. Unalala lini? Na unaamka lini?" Anasema kama ni maneno ya baba yake.

Juzi binti ameniambia kwamba ile orodha ya lugha za kompyuta haikushuka kutoka mbinguni. Watu huiandika, na lugha huongezwa. Lakini anayetaka kuongeza yake lazima alete majina ya siku, ya miezi, na jinsi watu wake wanavyohesabu wakati. Nikamuuliza nani wa kuyaleta. Akanipa daftari na kalamu. Kalamu ina wino, nimeijaribu.

Tunaketi darini kama mwanzo, yeye mkekani. Nimeanza na Jumamosi, maana kwetu ndiyo siku ya mosi. Lakini safari hii siandiki jina peke yake. Mbele ya Jumamosi nimeandika kwa mkono wangu: huanza Ijumaa, jua likitua. Binti akalisoma, akauliza, "Na Jumapili?"

"Tulia," nikamwambia. "Hii sijaimaliza."